Gari Linalala Wapi?

Watu wa Kiplombe walilipatia gari langu jina kabla sijamaliza kulipiga polishi. Waliliita Bado. Kila asubuhi mtu akipita barabarani aliniuliza, "Mwalimu, imewaka?" nami nilijibu, "Bado." Baada ya mwezi mmoja waliacha kuuliza. Wakawa wanalisalimu gari kwanza, kisha mimi, kama walinikumbuka.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani mambo haya yalimpata mtu ambaye hakusoma. Ambaye hakusoma angeuliza majirani siku ya kwanza na mambo yakaisha. Mimi nilikuwa na cheti, kimetiwa fremu na kutundikwa ukutani, na mtu wa cheti haulizi majirani.

Ulikuwa mwaka wa 1969. Gari nililinunua kwa Kaburu mmoja aliyekuwa akifunga virago, na kuanzia kanisani mpaka mtoni hapakuwa na jingine. Boma letu lilikuwa chini ya barabara, kwenye mteremko ambao kaka zangu waliniachia baada ya kugawana sehemu zinazofaa. Gari nililiegesha hapo hapo langoni, pua ikitazama juu barabarani. Nilimwambia mke wangu Rael kwamba hiyo ni adabu, maana mgeni hapokelewi kwa mgongo. Ukweli ni kwamba zile taa mbili kubwa na ile nikeli ya kung'aa vilikuwa upande wa mbele, na sikuona sababu ya kuwanyima watu waendao sokoni.

Asubuhi nikivuta choki na kupiga stata, gari lilikohoa mara moja, likanguruma kidogo, kisha likazima. Baada ya hapo ilikuwa ni stata tu, nusu saa, wakati mwingine saa nzima, mpaka betri ilie kama mbuzi mwenye mafua. Shuleni wanafunzi walikuwa wameshaimba, wameshaomba na kuingia darasani. Mwalimu wao yuko Kiplombe, kichwa ndani ya boneti.

Kwanza nililaumu betri. Nikawa naifungua kila jioni na kuilaza jikoni karibu na moto, juu ya gunia, nikiifunika na koti langu kuukuu. Rael alinitazama siku tatu bila neno. Siku ya nne akasema, "Hata mama yako akija hapa hapewi hiyo nafasi."

Betri ilipolala kwenye joto na gari likakataa vilevile, nililaumu plagi. Nilikuwa nimesikia kwamba plagi zikichomwa moto kidogo huwaka vizuri, basi nikazichukua zote nne nikazikaanga kwenye sufuria. Sufuria yenyewe ilikuwa ya ugali. Siku hiyo tulikula ugali wenye harufu ya petroli, na binti yetu Jeruto, ambaye hakuwa amefika miaka sita, alikataa kusali kabla ya chakula kile. Baada ya plagi nililaumu petroli yenyewe, kwamba imechanganywa na mafuta ya taa. Nikainusa mpaka kichwa kikauma nikalala mchana.

Mwishowe nikaenda mjini kwa fundi aitwaye Wanyoike, mtu wa Murang'a aliyefanya kazi uani nyuma ya duka moja karibu na soko. Alikuwa mfupi, mpole, na hakuwa na haraka na kitu chochote. Sikumpenda. Fundi anayestahili heshima, nilidhani, hupiga kitu kwa nyundo mara tu akuonapo. Huyu alifuta mikono, akaingia ndani ya gari, akapiga stata. Likawaka papo hapo.

"Hiyo ni kwa sababu limepata joto njiani," nikamweleza, kwa sauti ile ya darasani.

"Sawa, Mwalimu. Wacha ikae."

Gari likakaa hapo uani, mahali tambarare, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi jioni. Wanyoike akalifungua boneti, akaigusa injini kwa kiganja kuhakikisha imepoa kabisa. Akapiga stata. Likawaka tena.

Akazima, akanigeukia. "Mwalimu, hii gari inalala wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Najua ni nyumbani. Nauliza pahali penyewe. Ni sawa, ama ni kilima?"

Walikuwepo wanaume wengine wawili pale, wateja, mmoja wao akiwa na pikipiki. Nikawaza ule mteremko wetu ambao hata kuku hutembea upande upande. Nikawaza jinsi watakavyosema kwamba mwenye gari hana hata kiwanja cha kuligeuzia.

"Inalala gereji," nikasema.

Sikuwa na gereji. Nilikuwa na choo cha mabati na banda la kuku.

Wanyoike alinitazama kidogo, kisha akafunga boneti taratibu. "Kama inalala gereji, basi mimi sijui. Gari yako ni mzima." Hakukubali hata senti. Nilirudi Kiplombe nikimwambia kila mtu kwamba mafundi wa siku hizi hawajui kitu. Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua, lakini wahenga nao hawakuwa na gari.

Jumapili iliyofuata, Rael alizungumza nami tukitoka kanisani.

"Baba Jeruto, umeona hii gari imewaka mara moja?"

"Ni kwa sababu ilipata joto tukija."

"Tumekaa ibada mpaka saa nane. Hata mimi nimepata baridi. Na ile siku ya mvua uliiacha kule shule, ikalala huko. Asubuhi iliwaka. Ni hapa kwetu tu inakataa. Mimi naona ni vile inalala. Ng'ombe akilala vibaya kwa kilima, miguu ikiangalia juu, hawezi kuamka mpaka umgeuze. Baba alikuwa anawageuza."

"Mama Jeruto," nikasema, na nilicheka, Mungu anisamehe, "gari haina miguu."

"Iko na nne."

"Hii ni sayansi."

Jumatatu yake niliwafundisha darasa la saba kwamba kuchunguza kwa makini ndio mwanzo wa sayansi yote. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Nakumbuka nilipigia mstari.

Sasa lazima nieleze habari ya shamba, maana bila shamba hili lote lingekuwa ni kichekesho tu.

Tulikuwa kikundi cha watu arobaini, na tulikuwa tumenunua shamba la mzungu mmoja, maili tano kutoka kwetu. Rael alizaliwa kwenye shamba hilo. Baba yake alikuwa mkamuaji hapo, wakikaa kwenye vibanda vya wafanyakazi, mpaka mwaka mzungu alipoamua kwamba ng'ombe wa wafanyakazi wanamaliza nyasi zake. Walipewa siku saba. Rael alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alitoka hapo amebeba jiwe la kusagia mgongoni. Jiwe hilo bado liko jikoni kwetu. Alilijua shamba lile kuliko sisi wote arobaini. Alijua kwamba sehemu za juu ni kavu na zina udongo mzuri, na kwamba kule chini kwenye matete ni kinamasi, ng'ombe huzama mpaka tumboni. "Popote pale," aliniambia, "hata kama ni kwa mawe. Lakini si kule kwa matete. Nataka kurudi nikae pahali pakavu." Rael haombi vitu. Katika miaka minane ya ndoa hilo ndilo ombi pekee alilonipa.

Vipande vingegawanywa kwa kura Jumamosi saa tatu asubuhi, papo hapo shambani. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi, na kanuni za kura niliziandika mimi. Kanuni ya kwanza ilisema majina yataitwa kwa mpangilio wa alfabeti. Wazee walitaka tutumie majina ya arap, yaani "mwana wa fulani", nikawaonyesha kwamba orodha nzima ingeanza na A. Tukatumia majina ya ubatizo, na mimi Bethwel nikajikuta wa pili. Nilijipongeza sana. Kanuni ya nne ilisema atakayeitwa mara tatu bila kuitika atangoja mpaka mwisho achukue kitakachobaki. Hiyo niliiandika kwa ajili ya wazee wanaochelewa mikutano. Nawachukia watu wanaochelewa. Kanuni ya tano ilisema atakayeitika ndiye atakayechota karatasi, na atakayechota ndiye atakayeandikwa kitabuni, ili baadaye asije mtu na maneno. Mzee Kimeli, mwenyekiti wetu, alinishika mkono akasema kweli elimu ni taa.

Jumamosi ilifika. Saa kumi na mbili alfajiri Rael alikuwa amevaa, amefunga kitambaa kichwani.

"Twende kwa miguu," akasema. "Tutafika mapema."

"Katibu afike kwa miguu? Na watu wote wanajua nina gari?"

"Wanajua iko. Wanajua pia jina yake."

"Leo itawaka. Nimebadilisha maji ya betri."

Hakukasirika, na ningeomba angekasirika. "Basi wewe kuja na gari. Mimi natangulia. Utanipata njiani." Akavua viatu, akavishika mkononi, akapanda kuelekea barabarani. Niliona aibu, mke wa mwenye gari kutembea peku mbele ya majirani. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza niliyoiona siku hiyo. Nyingine zilikuwa zikingoja zamu yao.

Kufikia saa moja na nusu nilikuwa nimepiga stata mpaka betri ikanyamaza kabisa. Kufikia saa mbili nilikuwa nazungusha hendeli, kile chuma cha kuwashia injini kwa mkono, mbele ya gari. Hendeli ikanirudi ikanipiga kwenye kiganja, nikatukana kwa Kinandi, jambo ambalo mzee wa kanisa hapaswi kufanya karibu na barabara. Akina mama wa kwaya waliokuwa wakienda mazoezini wakasimama langoni. "Bado?" wakauliza. Nikazidi kuzungusha.

Saa mbili na nusu nilijua kwamba hata nikikimbia sitafika. Maili tano, nami tumbo limeshaanza kuonyesha mshahara. Niliona jina langu likiitwa, la pili kutoka mwanzo, mara moja, mara mbili, mara tatu, na kanuni yangu mwenyewe ikisomwa. Niliyaona matete. Nilimwona Rael akisimama kando ya matete na lile jiwe lake.

Nikaingia ndani ya gari kwa hasira, nikafungua breki ya mkono. Kwa nini nilifanya hivyo sijui mpaka leo. Labda nilitaka kulitisha.

Lilirudi nyuma. Lilipita mlango wa jikoni, likapita banda la kuku, mimi nikiwa nimeshika usukani na kupiga kelele, na akina mama wa kwaya wakipiga kelele kunizidi. Likaingia kwenye viazi vya Rael, likavilima mistari minne, kisha magurudumu ya nyuma yakapanda kichuguu cha zamani kilichokuwa mwisho wa shamba, likasimama. Makalio juu, pua chini. Nilikaa ndani kwa dakika kadhaa nikijipapasa kama niko mzima.

Halafu nikasikia kitu kikitiririka kuelekea mbele, au nilidhani nimesikia. Nikashuka, nikachukua hendeli, nikazungusha mara moja. Mara ya pili gari likawaka, likanguruma kwa afya kabisa.

Nikasimama pale kwenye viazi, na yote yakanijia kwa pamoja. Tangi la petroli liko nyuma. Pampu iko mbele, na mahali fulani ndani yake kuna kifuniko kidogo kilichochoka. Ukililaza gari kichwa juu, usiku kucha petroli inarudi taratibu kwenye tangi, na asubuhi injini inamaliza tone lililobaki, inazima, kisha inavuta hewa. Lilihitaji kugeuzwa tu. Fundi aliniuliza nikamdanganya. Mke wangu aliniambia nikamcheka. Gari lilikuwa linashindwa kuamka kwa sababu nilitaka watu waone uso wake.

Niliendesha huku nikitazama kando ya barabara, nikimtafuta Rael. Sikumwona kwenye daraja, wala kwenye kona ya posho mill, kile kinu cha unga. Nikajiambia labda amechoka akarudi kwa njia ya mkato. Nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu, "Nisamehe, Mama Jeruto," na majani ya viazi yakipepea kwenye bampa.

Nilifika saa nne kasoro robo. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya mzungu, na Mzee Kimeli amesimama na orodha. "Joel!" akaita, na Joel akaenda kuchota. Walikuwa wamefika herufi J. Nikashika mlango wa gari.

Mzee Kimeli akaniona. Akaniangalia mimi, akaangalia bampa yenye viazi. "Mwalimu," akasema, "wewe umechelewa darasa."

"Mzee, jina langu..."

"Tuliita. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, huyu mama akaitika." Akaonyesha kwa kalamu. Rael alikuwa amekaa na akina mama wachache chini ya ukuta, viatu miguuni sasa, karatasi ndogo imekunjwa kiganjani. "Wazee wengine wakasema mwanamke hawezi kuchota. Akasema, someni kanuni. Tukasoma. Kanuni ya tano." Mzee alikohoa kidogo, na niliona anazuia kicheko kwa heshima ya umri wake. "Inasema atakayeitika ndiye atachota, na atakayechota ndiye ataandikwa. Haikusema mwanamume. Wewe ndiye uliandika. Imeandikwa vizuri sana."

Nikatazama kitabu. Katika mstari wa pili, kwa wino, palikuwa na jina: Rael Chepkemoi. Kipande cha kumi na nne.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka kusema mambo mengi, yakatoka machache. "Ni kule kwa matete?"

"Hapana," akasema. "Ni ile ya juu, chini ya barabara. Ni kavu." Kisha macho yake yakajaa, akayapangusa haraka kwa ncha ya kitambaa. "Ni kilima kabisa. Baba alikuwa anakataza ng'ombe kulala hapo."

Sikujua kama ni mimi au ni yeye aliyeanza kucheka. Nikamweleza habari ya kichuguu. Alisikiliza yote. Aliuliza jambo moja tu, viazi mistari mingapi.

Wiki ile ile nilirudi kwa Wanyoike. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia, "Linalala kwa kilima. Kichwa juu. Gereji sina, sijawahi kuwa nayo." Akafuta mikono, akafungua pampu, akatoa kijifuniko kidogo kama sarafu kilichokwisha kuliwa, akaweka kingine. Chai aliyokuwa ameniagizia ilikuwa bado moto.

"Sasa Mwalimu," akasema, "unaweza kuilaza vile unataka."

Tulijenga kwenye kipande cha kumi na nne mwaka uliofuata. Nyumba iko chini ya barabara, kama ile ya kwanza, ila hapa mteremko ni mkali zaidi na udongo ni mwekundu na kila kitu kinamea. Jiwe la kusagia liko jikoni, yadi mia mbili kutoka mahali lilipotoka. Siku ya kuhamia nilifika langoni na gari, na Rael akasimama mbele yake kwa mikono miwili, kama anavyomsimamisha fahali. Akaniambia nililaze pua ikitazama chini.

Nikamweleza kwamba pampu imeshatengenezwa. Nikamweleza kwamba sasa haijalishi kabisa linavyolala, na fundi mwenyewe amesema. Nikamkumbusha kwamba kwa namna hiyo watu wote waendao sokoni wataona makalio ya gari peke yake.

"Ndio," akasema.

Gari linawaka mara moja kila asubuhi. Watu wanapita barabarani wanaisalimu bampa ya nyuma kwa adabu, "Habari ya asubuhi, Bado," nami naitikia kwa niaba yake. Mgeni mmoja aliniuliza juzi kwa nini gari zuri namna hii limewapa watu mgongo. Nikamwambia shamba si langu, amwone mwenye shamba.